Pima Kabla ya Kufungua

Dereva anapolalamika kwamba lori lake la dizeli linakula mafuta, aghalabu fundi hukimbilia spana. Pampu hushushwa, nozeli hufunguliwa, na mwenye gari hulipa fedha nyingi kabla ya yeyote kuuliza: linakula kiasi gani? Kazi ya namna hiyo ni ramli, japo hufanywa kwa spana.

Neno "nyingi" halina maana mpaka lipewe tarakimu. Hapana budi tangi lijazwe hadi shingoni, lori lisafiri na mzigo wake wa kawaida katika njia yake ya kawaida, kisha lijazwe tena hadi pale pale. Zikiingia lita 105 baada ya kilomita 300, matumizi ni lita 35 kwa kila kilomita 100. Tarakimu hiyo hulinganishwa na ya lori lilo hilo lilipokuwa zima. Kulinganisha safari ya kupanda Kitonga na shehena na safari ya tambarare bila mzigo hakumfai mtu. Kadhalika mita yenyewe ichunguzwe. Matairi yakibadilishwa, kipenyo kikazidi kwa asilimia 5, mita itaonyesha kilomita 300 hali lori limekwenda 315. Matumizi halisi basi ni kama lita 33.3, na sehemu ya ugonjwa imetoweka bila nati moja kulegezwa. (Wapo pia wanyonyao mafuta usiku kwa mpira; maradhi hayo hayana nozeli ya kuyaponya.)

Ikithibitika kuwa matumizi yamezidi, gari lenyewe litazamwe kabla ya injini. Breki zinazoganda, matairi yaliyopungua upepo na klachi inayoteleza huitwika injini nzima kazi isiyo yake.

Baada ya hapo, moshi. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche: hewa hubanwa ndani ya silinda hata joto lake likapita nyuzi 500 za Selsiasi, na mafuta yanayopulizwa humo huwaka yenyewe. Moshi mweusi ni kaboni iliyokosa oksijeni. Huenda chujio la hewa limezibwa na vumbi, au nozeli inadondosha matone badala ya kupuliza ukungu, au pampu inatoa mafuta kupita kiasi. Moshi wa kibuluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ikisha kupata moto ni mafuta yasiyoungua, au maji yaliyopenya silindani. Nayo injini isiyopata moto sawasawa, kwa kuwa themostati imekwama wazi, hula mafuta bila moshi wa kushangaza.

Chujio hukaguliwa kwa dakika chache. Pampu huhitaji benchi la kupimia na mtaalamu wake. Ni ajabu kwamba gereji nyingi huanza na pampu.

Lawama haiwaangukii mafundi peke yao. Mwanafunzi anaweza kuchora mapigo manne ya injini bila kosa, akamaliza sekondari asijaze jedwali hata moja la mafuta. Mashine ya kusaga nafaka iliyo karibu na shule ingetosha kwa zoezi hilo: chombo cha kupimia lita, hesabu ya magunia, na daftari la muhula mzima. Wiki ambayo lita kwa kila gunia zitapanda, wanafunzi watamwomba mwenye mashine ruhusa ya kutazama chujio la hewa.