Homa Si Malaria Tu

Huku Ufipa baridi ni kali, na mbu si wengi kama bondeni kwenye Ziwa Rukwa. Hata hivyo, mwili wa mtoto ukichemka, zahanati hutumia kipimo cha haraka cha malaria, kinachotafuta protini ya kimelea. Asipokutwa nayo, mara nyingi tunapewa antibiotiki, kwa hofu tu. Dar es Salaam, kati ya 2014 na 2016, watafiti walipima pia protini mbili za mgonjwa mwenyewe, CRP na prokalsitonini, ambazo hupanda bakteria wanaposhambulia. Walioandikiwa antibiotiki walikuwa 11.5%, dhidi ya 29.7% kwa mwongozo mwingine, na walioshindwa kupona hawakuongezeka. Tunataka vipimo hivyo Sumbawanga. Bima ivilipie, maana wengi wetu hushika fedha baada ya mavuno tu.