Krama si sare

Mwezi wa Desemba 2024 UNESCO iliiingiza krama ya Kamboja katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Tunawapongeza wananchi wa nchi hiyo. Lakini tuna neno la kuongeza, nalo tunawaelekezea wakubwa wenye kupenda kutoa amri juu ya mavazi, wawe wa nchi yoyote.

Krama ni kipande cha pamba chenye miraba, mara nyingi myekundu na myeupe. Mkulima hujifunga kilemba jua likiwaka, hujitanda kiunoni akienda kuoga mtoni, hufutia jasho, hufungia mchele. Mama humfungia mtoto susu. Maskini anayo na waziri anayo, na hakuna aliyemwamuru mwenzake aivae.

Tarehe 17 Aprili 1975 majeshi ya Khmer Rouge yaliingia Phnom Penh. Wakaazi wake wakatolewa majumbani, wakapelekwa mashambani, na nguo za rangi zikapigwa marufuku. Wananchi wakatakiwa kuvaa nyeusi, makubadhi ya mpira wa matairi, na krama shingoni. Watawala wale walidai kumtukuza mkulima. Kwa kweli walimpokonya nguo yake wakaifanya sare. Waislamu wa Kicham, ambao vikoi vyao visingekuwa vigeni hapa visiwani, walikatazwa vazi lao, lugha yao na sala zao. Wanawake wao wakalazimishwa kukata nywele na kuacha vichwa wazi. Mwaka 1978, watu wa Kanda ya Mashariki walipohamishwa kwa nguvu, waligawiwa krama za buluu na nyeupe, na manusura wameshuhudia kwamba hiyo ilikuwa alama ya waliokusudiwa kuuawa. Nguo ile ile ya kumlazia mtoto! Mwezi wa Novemba 2018 mahakama ilimtia hatiani Nuon Chea, mmoja wa viongozi wa utawala ule, kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wacham.

Utawala huo uliangushwa Januari 1979. Nguo nyeusi wananchi wakazivua, krama hawakuitupa. Mtu angeweza kudhani wataichoma moto, kwa yaliyotendwa kwa jina lake. Hawakufanya hivyo, kwa kuwa walikuwa nayo kabla ya wale kuja na haikuwa zawadi ya serikali. Sisi tulio katika Chama, tuliozoea kujadili vazi la taifa mikutanoni, hatuna budi kulitafakari jambo hili.

Leo hatari inatoka upande mwingine. Mamia ya maelfu ya wanawake wa Kamboja hushona viwandani nguo za kuuzwa Ulaya na Marekani, na masokoni kwao krama za mashine huuzwa kwa bei ambayo mfumi wa mkono haiwezi. Katika kisiwa cha Koh Dach, ndani ya mto Mekong, wapo bado wanawake wanaotanda nyuzi chini ya nyumba zao zilizoinuliwa juu ya nguzo, na kufuma hariri kwa mkono. Cheti cha UNESCO hakiwanunulii uzi wenzetu hao wa kisiwani. Ofisi za serikali yao hutoa zawadi kwa wageni na kufanya sherehe kila mwaka; nguo za shughuli hizo zinunuliwe kwa wafumi wenyewe, na walipwe papo hapo.