Mvuvi wa Kendu Bay Anajua Fungu Lake, Mwanasoka Hajui

Usiku wa giza, usio na mbalamwezi, ndio wakati wa omena katika ufuo wa Kendu Bay, kaunti ya Homa Bay. Mitumbwi hupakiwa taa na nyavu, na kabla haijasukumwa majini kila aliyemo anaijua hesabu: gharama za safari zitatolewa kwanza, mwenye chombo na nyavu atachukua fungu lake, na kinachosalia kitagawiwa vibarua waliovuta kamba. Samaki wakikosekana, wote wamekosa. Mpango huo una kasoro zake, na vibarua wana manung'uniko ya haki, lakini hakuna anayepanda chombo bila kujua atapata nini wavu ukijaa. Kijana wa mji huo huo anayesajiliwa na timu ya Ligi ya Supa, daraja lililo chini ya Ligi Kuu, au ya madaraja yaliyo chini yake, hana hata uhakika huo. Huambiwa mshahara upo, kisha huambiwa amsubiri mfadhili, kisha kaunti, kisha msimu ujao. Nasema timu isiyoweza kuonyesha fedha za mishahara kabla ya kipenga cha kwanza cha msimu isiruhusiwe kuwaita wachezaji wake wa kulipwa. Iitwe timu ya ridhaa, icheze kama timu ya ridhaa, na kijana ajue mapema anaingia wapi.

Neno hilo, "wa kulipwa", si pambo. Ndilo linalomfanya kijana wa miaka 18 aache bodaboda au aahirishe kozi ya chuo cha ufundi, aamkie mazoezi kila asubuhi, na asafiri kutoka Nyanza hadi Pwani kwa mechi ya dakika 90. Mtu anayefanya hivyo kwa saa alizopangiwa na mwingine, chini ya amri ya mwingine, huku akikatazwa kuchezea kwingine, ni mfanyakazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haina fumbo hapa: kazi ya miezi mitatu au zaidi inahitaji mkataba wa maandishi, na kuuandaa ni jukumu la mwajiri. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, iliyopitishwa mwaka uo huo, inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Goti la mwanasoka ndilo jembe lake. Kano ikikatika naye ana ahadi ya mdomo tu, hana pa kudai. Gharama ya matibabu huwaangukia wazazi, na mchango hupitishwa kijijini kwa ajili ya mtu aliyeumia akifanya kazi ya klabu. Katika madaraja ya chini, ahadi ya mdomo ndiyo desturi. Anachopewa mchezaji mara nyingi huitwa nauli au marupurupu, na uchaguzi wa maneno hayo una sababu, kwa kuwa nauli haidaiwi mahakamani kama mshahara.

Anayedhani haya ni matatizo ya vitimu visivyo na mwenyewe aitazame Awendo, katika kaunti jirani ya Migori. SoNy Sugar haikuwa timu ya uchochoroni. Ilikuwa timu ya kampuni ya sukari ya serikali, ilikuwa na uwanja wa nyumbani, na mwaka 2006 ilitwaa ubingwa wa Kenya mbele ya vigogo wa Nairobi. Kwa kijana wa Kendu Bay, Oyugis au Rongo, huo ndio uliokuwa mlango wa karibu wa kuingia Ligi Kuu bila kuhama kwao. Kisha kampuni ikazama katika matatizo ya fedha na timu ikazama nayo. Novemba 2019, baada ya kushindwa kufika uwanjani mara tatu, ilifukuzwa ligini msimu ukiwa ungali mchanga. Wachezaji wale hawakushuka daraja kwa kufungwa mabao. Walipoteza kazi kwa sababu hakuna mamlaka iliyouliza, mwezi mmoja kabla ya ligi kuanza, kama fedha za basi na za mishahara zilikuwepo. Mwaka huo huo kampuni ya kamari ya SportPesa, katika mvutano wake na serikali kuhusu kodi na leseni, iliondoa udhamini wake, na hata Gor Mahia na AFC Leopards zikayumba. Wengi walijifunza kutokana na mwaka 2019 kwamba soka letu linahitaji wafadhili zaidi. Mimi nimejifunza jambo jingine: tuliwaruhusu waajiri waanze kuajiri kabla ya kuthibitisha kwamba wanaweza kulipa.

Tatizo hili si letu peke yetu. FIFPRO, chama cha kimataifa cha wanasoka, kiliwahoji wachezaji karibu 14,000 katika nchi 54 na kutoa matokeo mwaka 2016: asilimia 41 walikuwa wamecheleweshewa mishahara katika misimu miwili iliyotangulia, na asilimia 45 walipata chini ya dola 1,000 kwa mwezi. Wastani wa muda wa mkataba haukufika miaka miwili. Wengi wa hao walikuwa na mikataba, tena katika ligi kubwa za nchi zao. Kufuatia kilio hicho FIFA ilibadilisha kanuni mwaka 2018, ikampa mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili haki ya kuvunja mkataba baada ya kuipa klabu notisi ya siku 15. Ni kanuni nzuri. Lakini ukiitazama kutoka Kendu Bay unaona pengo lake, kwa kuwa mtu hawezi kuvunja mkataba ambao hakupewa.

Lipo pengo la pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi. FIFA husikiliza mashauri ya ajira yenye sura ya kimataifa. Mchezaji kutoka Mali au kocha kutoka Rwanda asipolipwa na klabu ya Kenya hupeleka malalamiko FIFA, na klabu hufungiwa kusajili mpaka ilipe. Gor Mahia na AFC Leopards zote mbili zimeonja adhabu hiyo kwa madeni ya wageni. Mkenya anayedai klabu ya Kenya hana fimbo hiyo. Ana shirikisho lake, ana Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo lililoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, na ana mahakama ya kazi. Zote ni halali, lakini kuzifikia kunahitaji karatasi, wakili na uvumilivu ambao mtu aliyelimbikiziwa mishahara ya miezi minne hana. Matokeo yake ni kwamba klabu yenye shilingi chache humlipa kwanza anayeweza kuiumiza, yaani mgeni. Mzawa hungoja. Chama cha maslahi ya wanasoka nchini, KEFWA, kimekuwa kikipiga kelele juu ya hali hii, na kinastahili kuungwa mkono na mashabiki pia.

Asiyelipwa, kuna mwingine anayejitolea kumlipa. Mwaka 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne waliokuwa Kakamega Homeboyz kwa kupanga matokeo ya mechi, na mwaka 2021 ikaiondoa Zoo FC ya Kericho kwenye Ligi Kuu kwa kosa la aina hiyo. Simtetei anayeuza mechi; amewaibia wenzake na mashabiki. Lakini anayetaka kuukomesha wizi huo kwa adhabu tupu anafunga mlango mmoja huku akiacha ukuta mzima umeanguka. Shilingi elfu chache za mpanga matokeo huwa na nguvu kubwa zaidi pale ambapo kodi ya nyumba haijalipwa tangu mwezi juzi.

Pingamizi la kwanza nitakaloambiwa ni la fedha: ukidai dhamana ya mishahara, timu za mashambani zitakufa. Tufanye hesabu ya mfano. Timu yenye wachezaji 22, kila mmoja akilipwa Sh15,000 kwa mwezi, kiwango ambacho hakuna atakayekiita anasa, inahitaji Sh330,000 kwa mwezi. Dhamana ya miezi mitatu ni Sh990,000. Sasa tukumbuke Agosti 2025, Kenya ilipokuwa mwenyeji wa CHAN pamoja na Tanzania na Uganda, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani pekee. Rais aliahidi kila mchezaji wa timu ya taifa, Harambee Stars, Sh1 milioni kwa kila mechi watakayoshinda. Vijana wakazishinda DR Congo, Morocco na Zambia, nchi ikafurahi, nami siwaonei kijicho hata kwa senti moja, walivuja jasho. Lakini zawadi ya mchezaji mmoja kwa ushindi mmoja ingetosha kuweka dhamana ya timu nzima ya daraja la chini kwa miezi mitatu. Taifa linaloweza kupata fedha za namna hiyo kwa siku chache haliwezi kusema kwamba mshahara wa kijana wa Kendu Bay ni ndoto. Tumezoea kulitunuku soka tuzo, bado hatujazoea kulilipa ujira.

Vivyo hivyo kwa kaunti. Homa Bay ina historia ya kujivunia katika mchezo huu. Jina lenyewe la Gor Mahia, klabu iliyoleta Kombe la Washindi Afrika mwaka 1987, ni la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, katika kaunti hii. Leo mji wa Homa Bay una Uwanja wa Raila Odinga, uliopokea sherehe za kitaifa za Madaraka tarehe 1 Juni 2025. Uwanja ni jambo jema na aliyeujenga ashukuriwe. Hata hivyo viti na nyasi haviingii kwenye sufuria. Kaunti inapotoa shilingi kwa timu, sharti la kwanza liwe mishahara, na fedha ziende moja kwa moja kwenye akaunti za wachezaji bila kupitia mfukoni mwa kiongozi wa timu. Ikiwa timu kadhaa zitashindwa sharti hilo na kurudi ridhaa, sioni msiba. Zitaendelea kucheza Jumamosi, na watoto wataendelea kusajiliwa. Tena zikitunza rekodi za usajili vizuri zina mapato halali yanayoweza kuzifikia siku moja: kanuni za FIFA zinagawa asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Klabu ndogo yenye daftari safi ina haki ya sehemu yake. Klabu isiyo na daftari haina kitu, hata kama ndiyo iliyomfundisha mtoto kupiga pasi ya kwanza.

Wengine watanitajia Michael Olunga. Watasema soka ni kamari yenye heshima, na kwamba hata yeye alipitia klabu za kawaida za nyumbani kabla ya Sweden, Japan na Qatar. Ni kweli. Ila wanaomtaja husahau kwamba Olunga alikuwa akisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya huku akicheza mpira. Alikuwa na mguu wa pili wa kusimamia. Kijana anayedanganywa kwamba tayari ni mchezaji wa kulipwa ndiye anayeukata mguu huo mwenyewe, kwa kuwa haoni sababu ya kuubakisha. Na kwa kila Olunga kuna mamia ambao kilele chao kitakuwa Ligi ya Supa, wachezaji wazuri tu, wenye miaka 8 au 10 ya nguvu za kuuza. Hao ndio ligi yenyewe. Bila wao Olunga asingekuwa na wa kumpiga chenga.

Zipo pia sauti zinazosema wachezaji wenyewe wanakubali, hakuna aliyewalazimisha. Hoja hii inaonekana nzito mpaka uulize walikubali nini. Aliyeahidiwa Sh15,000 akapewa Sh2,000 za nauli hakukubali Sh2,000. Ridhaa ya kweli inataka mtu ajue hesabu kabla ya kuingia chomboni, kama vibarua wa omena wanavyojua. Wapo watakaosikia ukweli huo na bado wachague mpira wa bure, kwa mapenzi tu, nao wana haki yao. Watacheza jioni na kufanya kazi mchana.

Uongozi wa Shirikisho la Soka Kenya uliochaguliwa Desemba 2024 una naibu rais, McDonald Mariga, ambaye alicheza Inter Milan na anajua mkataba wa kweli unafananaje. Hauhitaji sheria mpya ya Bunge kuanza. Unahitaji kuongeza karatasi mbili kwenye fomu za usajili wa klabu za Ligi ya Supa: nakala ya mkataba wa kila mchezaji, ikiwa na saini yake na kiasi cha mshahara kwa tarakimu, na taarifa ya benki inayoonyesha mishahara ya miezi mitatu imewekwa mahali ambapo viongozi wa klabu hawawezi kuigusa. Klabu ikileta zote mbili, isajiliwe. Ikikosa moja, ielekezwe ligi ya ridhaa kabla ratiba haijachapishwa, wakati kijana wa Kendu Bay bado ana nafasi ya kujiandikisha chuoni.