Mjapani wa miaka 22 si mzee, skauti acheni papara

MSIMU wa 2020 wengi wetu tuliifuatilia Ligi Kuu ya Japani kwa sababu ya mtu mmoja tu, Michael Olunga. Mkenya yule alikuwa anawatesa mabeki akiwa na Kashiwa Reysol, akamaliza na mabao 28, ufungaji bora na tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Mimi nilikuwa bado chuo, naangalia vipande vya mabao yake kwenye simu, bando likikata nasubiri kesho.

Kumbe kuna mtu tulipishana naye. Msimu huohuo, kwenye ligi hiyohiyo, kulikuwa na winga wa Kawasaki Frontale aliyefunga mabao 13 katika mwaka wake wa kwanza wa soka la kulipwa. Alikuwa na miaka 23. Anaitwa Kaoru Mitoma.

Mwaka uliofuata Brighton wakambeba kwa dau lililotajwa kuwa karibu pauni milioni 3 tu, wakampeleka kwanza Ubelgiji kwa mkopo Union Saint-Gilloise kwa sababu ya mambo ya kibali cha kazi. Kwa bei za Ligi Kuu ya Uingereza hiyo ni hela ya vocha. Aliporudi, mabeki wa kulia wa England wakaanza kumuota usiku.

Nimeanza na Mitoma kwa sababu siku hizi kila klabu ya Ulaya inataka kinda wa Kijapani. Wameona Japani ikiwapiga Ujerumani na Hispania kwenye Kombe la Dunia 2022, wameona Brazil ikilala 3-2 pale Tokyo Oktoba 2025, sasa wanakimbilia kule na daftari. Shida ni kwamba wengi wanakwenda na haraka ileile waliyonayo kila mahali: wanamtaka wa miaka 17 au 18, na akishafika 22 wanamwita mzee. Kwa Japani hapo ndipo wanapokosea.

MLANGO WA PILI

Klabu za kule zina akademi kama zilivyo za Ulaya. Ukifika miaka 15, unapokaribia kuingia sekondari ya juu, klabu inaamua: unapanda timu ya vijana au tunaachana. Kwingine kijana akiachwa hapo ndoto imekufa. Japani mtoto anachukua begi lake anakwenda kucheza timu ya shule, na timu ya shule kule si ya kuchezea jioni ili muda uende.

Mashindano yao ya taifa ya sekondari yalianza mwaka 1917. Zinaingia shule 48, ukifungwa unarudi nyumbani, mechi zinapigwa kipindi cha mwaka mpya na fainali inafanyika Uwanja wa Taifa, Tokyo, mbele ya maelfu ya watu na televisheni. Kuna pia ligi ya vijana chini ya miaka 18 ambayo shule na akademi za klabu zinakutana humohumo. Aomori Yamada, ambayo ni shule, imeshabeba taji hilo zaidi ya mara moja mbele ya akademi za klabu za J1.

Sasa angalia majina ya waliopitia mlango huo. Shunsuke Nakamura aliachwa na vijana wa Marinos, akaenda sekondari ya Toko Gakuen, baadaye akawa mfalme wa mipira iliyokufa pale Celtic. Keisuke Honda alikosa nafasi ya kupanda timu ya vijana ya Gamba Osaka, akaenda shule ya Seiryo, akaja kuvaa jezi namba 10 ya AC Milan. Daichi Kamada naye Gamba haohao hawakumpandisha, akaenda sekondari ya Higashiyama, Kyoto. Mwaka 2022 akabeba Europa League na Eintracht Frankfurt, na 2025 akabeba Kombe la FA na Crystal Palace.

Gamba wana macho, ni klabu kubwa na walimu wao wanajua mpira. Kama wao waliwaona Honda na Kamada kila siku mazoezini na bado wakawaacha wakiwa na miaka 15, wewe skauti uliyeshuka kwenye ndege juzi, ukaangalia mechi mbili na kupiga picha, unapata wapi ujasiri wa kusema umeshamjua mtoto?

MTOTO WA MACHI

Kuna kitu kingine skauti mgeni hakioni haraka. Mwaka wa shule Japani unaanza Aprili. Aliyezaliwa Aprili na aliyezaliwa Machi inayofuata wanakaa darasa moja, lakini wamepishana karibu mwaka mzima. Kwa watoto wa miaka 13 huo mwaka ni kila kitu: mmoja ameshapata kifua na mbio, mwenzake bado jezi inamvaa yeye. Ndiyo maana timu za vijana kule zimejaa wa miezi ya mwanzo wa mwaka wa shule.

Shinji Kagawa alizaliwa Machi. Dortmund walimchukua Cerezo Osaka mwaka 2010 kwa fidia iliyoripotiwa kuwa euro 350,000, akawapa mataji mawili ya Bundesliga mfululizo. Junya Ito, winga mwenye mbio zile, naye ni wa Machi. Yeye hata hakutoka akademi ya klabu kubwa, alipitia Chuo Kikuu cha Kanagawa, akaanza soka la kulipwa akiwa na miaka 22.

Na hapa kwenye vyuo vikuu ndipo penye mali ambayo Ulaya iliidharau muda mrefu. Mitoma alipofika miaka 18 Frontale walimpa mkataba wa kupanda timu ya wakubwa. Akakataa! Akaenda Chuo Kikuu cha Tsukuba, akasoma, akaandika utafiti wake wa kumaliza chuo kuhusu kupiga chenga. Na hakuwa amejificha. Mwaka 2017 Tsukuba waliitoa Vegalta Sendai, timu ya ligi kuu, kwenye Kombe la Mfalme wa Japani, na Mitoma alifunga mawili. Mechi ile ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho, miaka minne kabla ya Brighton.

Celtic walifaidi kwa sababu walimpata kocha aliyekuwa anaishi kule. Ange Postecoglou aliipa Yokohama F. Marinos ubingwa 2019, hivyo alipofika Glasgow 2021 hakuhitaji video. Alimchukua Kyogo Furuhashi, aliyetoka Chuo Kikuu cha Chuo akaanzia Gifu ya daraja la pili, kisha Reo Hatate wa Chuo Kikuu cha Juntendo. Msimu wa 2022/23 Kyogo alikuwa mfungaji bora wa ligi na Celtic wakabeba mataji yote matatu ya Scotland.

MNAMKUMBUKA MIYAICHI?

Mashabiki wa Arsenal mtakuwa mnamkumbuka Ryo Miyaichi. Alitoka moja kwa moja sekondari hadi London, akiwa hajacheza hata mechi moja ya ligi ya kwao. Feyenoord kwa mkopo aliwasha moto kweli, watu wakaanza kumpa majina ya Kibrazili. Halafu Bolton, Wigan, Twente, na majeraha juu ya majeraha. Aliondoka Arsenal 2015 akiwa na mechi za kuhesabu kwa vidole. Mwaka 2022 alirudi timu ya taifa baada ya karibu miaka 10, akaumia goti tena.

Majeraha hayana adabu, simlaumu mtu. Ninachosema ni kwamba kijana yule hakuwahi kupewa miaka miwili mitatu ya kucheza na watu wazima karibu na nyumbani, akala chakula cha mama, akaujua mwili wake. Alibebwa kama mzigo wa haraka.

Najua kuna atakayesema, mbona Takehiro Tomiyasu aliondoka na miaka 19 tu na akafika Arsenal? Kweli. Lakini Tomiyasu alikuwa ameshacheza timu ya wakubwa Avispa Fukuoka, na hakurukia London, alipita Sint-Truiden ya Ubelgiji, klabu inayomilikiwa na Wajapani, kisha Bologna. Kota Takai naye aliondoka Kawasaki kwenda Tottenham 2025 akiwa na miaka 20, ila kwanza alikuwa beki wa kuaminika kwenye J1. Kwa hiyo swali la skauti lisiwe ana miaka mingapi, liwe amecheza mechi ngapi na wanaume.

Hofu yangu ni kwamba haraka hii itauharibu ule mlango wa pili. Mtoto akiona njia ya kutoka ni kuonwa ukiwa na 17, nani atakubali kwenda Tsukuba kama Mitoma? Na yule anayechelewa kukua, nani atamsubiri?

Sisi mashabiki nasi tuna mchango wetu. Liverpool walipomsajili Wataru Endo 2023 akiwa na miaka 30, kijiweni tulicheka. Miezi michache baadaye alicheza dakika zote 120 za fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Chelsea, wakabeba kombe.

Hata huyo Olunga tuliyekuwa tunamwangalia, wakati anafunga mabao Gor Mahia alikuwa mwanafunzi wa uhandisi chuoni Nairobi. Hakuna aliyemwambia amechelewa. Basi klabu yako ikileta Mjapani wa miaka 22 kutoka timu ya chuo usiyoijua, mpe msimu mmoja kwanza ndiyo uje kijiweni kubisha.