Landilodi kijana, usimpe ejenti funguo kabla ya kumhoji

Umemaliza kujenga vyumba vyako vya kwanza Kawangware, ama mzazi amekuachia ploti ya mabati kule Kibera. Una kazi mjini na huna muda wa kubisha milango kila tarehe tano. Sasa unatafuta ejenti. Vijana wengi huteleza hapa: humchukua yule anayeitisha asilimia ndogo, wakampa funguo na kukaa kungoja M-Pesa.

Tulia kwanza, umuulize maswali matatu.

La kwanza, umesajiliwa? Sheria ya mawakala wa nyumba, Sura ya 533, inataka ejenti awe amesajiliwa na bodi. Mwambie akuonyeshe cheti. Tunajua ploti ya vyumba sita haivutii kampuni kubwa, na wengi hutumia keteka anayeishi papo hapo. Si vibaya, lakini yeye pia mwandikiane: analipwa ngapi, anaruhusiwa kutumia ngapi kwa marekebisho, na dipoziti za wapangaji zinakaa kwa nani.

La pili, kodi itapitia wapi? Ikiingia kwa simu yake, utakuwa unaomba pesa zako mwenyewe. Fungua till ama akaunti yako, wapangaji walipe huko, naye apewe chake mwisho wa mwezi. Na usidanganyike ukiambiwa "mambo ya KRA niachie mimi." Tangu Januari 2024, mwenye nyumba anayepata zaidi ya Sh288,000 hadi Sh15 milioni kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya kodi yote anayokusanya, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Vyumba tisa vya Sh3,000 tayari vimekuvusha hapo. PIN ni yako, deni pia ni lako.

La tatu ndilo zito: mpangaji akichelewa, utafanya nini? Akijibu kwamba atang'oa mlango, ataezua mabati ama atabeba TV, muage hapo hapo. Kukamata mali ya mpangaji ni kazi ya dalali mwenye leseni. Nyumba ambayo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi inalindwa na Sura ya 296, na kumfukuza mpangaji wake kunahitaji amri ya mahakama ya kodi za nyumba.

Lakini hata bila sheria, fikiria. Mama anayeuza mandazi akirudi jioni apate watoto nje na vyombo kwa matope, hatalaani ejenti. Atataja jina lako, na mtaa mzima utalisikia.

Ejenti ni mkono wako. Wengi wetu tumepanga kabla ya kupangisha, na tunajua uchungu wa kufuli usiyoitarajia. Basi chagua mtu ambaye ungekubali abishe mlango wako ukiwa umechelewa kulipa.