Gari la gereji ya nyumbani lina mkaguzi

Makala iliyotaka Uingereza ipige marufuku magari yanayoungwa nyumbani imesimama juu ya dhana kwamba hayakaguliwi na mtu. Si kweli. Kabla ya kusajiliwa, kila gari la namna hiyo hupitia ukaguzi wa IVA (Individual Vehicle Approval): breki, usukani, taa, moshi, kelele, hata ncha kali za bodi zinazoweza kumchana mpita njia. Lisilofaulu halipati namba.

Eti pia magari haya ni ujanja wa kukwepa kodi. Zamani, ndiyo. Lotus Seven ya Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, iliyotoka mwaka 1957, iliuzwa vipande vipande kwa sababu gari kamili lilitozwa kodi ya ununuzi. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1973. Mwaka huohuo kampuni ya Caterham ilichukua haki za kuiunda Seven, na hadi leo watu wananunua vipande wakaviunge wenyewe. Wanafuata nini, kama si kazi yenyewe?

Na kazi hiyo ina faida kwa usalama: aliyefunga mabomba ya breki kwa mkono wake na kuyatoa upepo hulisikia badiliko dogo kwenye pedali mapema kuliko dereva asiyewahi kufungua boneti. Mwandishi akiwa na ushahidi kwamba magari yaliyofaulu IVA yanaua kuliko mengine, auweke mezani. Makala yake haikuwa nao.