Figo ya kupandikiza: hospitali zipo, nani atatoa?

"Daktari, nikimpa mwanangu figo, nitaweza tena kupanda mlima na mzigo kichwani?"

Swali hili niliulizwa na mama mmoja kutoka Mgeta. Nalijibu hapa kwa sababu wazazi wengi wanalo moyoni, ila wanaogopa kuuliza.

Zamani wagonjwa wetu walipelekwa India. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza nayo. Sisi wa Morogoro tuko katikati ya hospitali hizo mbili. Kinachokwamisha wengi sasa ni kukosa mtu wa kutoa figo.

Asipopatikana, mgonjwa hubaki kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara. Kwa anayetoka Matombo au Kinole, hiyo ni nauli isiyokwisha na shamba lisilolimwa.

Sasa jibu. Ndiyo mama, mtu mwenye afya njema huishi vizuri na figo moja. Kabla ya kutoa utapimwa kundi la damu, tishu, presha, sukari na figo zote mbili. Hatari ipo, ingawa ni ndogo, ndiyo maana asiyefaa hukataliwa. Mzigo mzito usubiri wiki sita hivi, kisha upime afya kila mwaka.

Hospitali zetu hutegemea ndugu walio hai. Kwa Waluguru, ukoo hufuata upande wa mama na neno la mjomba lina uzito. Basi kaeni kikao mapema, mjomba akiwepo. Lakini mtu asilazimishwe. Figo haiuzwi, na anayesema hapana asinyooshewe kidole.

Familia nyingine hazina ndugu anayefaa. Hispania, figo nyingi hutoka kwa marehemu, chini ya sheria iliyo wazi. Nasi tuanze kulizungumza hilo nyumbani, misikitini, makanisani na bungeni.

Aliyepandikizwa naye akumbuke: dawa ni kila siku, maisha yote. Akiziacha, mwili utaikataa figo aliyopewa.

Na wewe mwenye presha au kisukari, usingoje miguu ivimbe. Ukienda kliniki, omba upimwe figo.